Kifungu cha Saba

Mkataba umefika ndani ya bahasha ya kahawia,
kurasa ishirini na mbili, muhuri wa jimbo,
umelowa pembeni, maana tarishi wa Buffalo
huleta barua pamoja na theluji yake.
Nimeusoma jikoni, chini ya kanisa,
miwani imeshika ukungu wa sufuria.

Serikali itatoa: dengu, magunia arobaini.
Maziwa ya unga. Jibini. Siagi ya karanga kwa madebe.
Shule itatoa: mwalimu, madawati, joto,
na daftari la mahudhurio lisilofutwafutwa.
Kifungu cha saba kimesimama peke yake kama askari wa zamu:
Asiyehudhuria vipindi viwili, asihesabiwe sahani.

Nimecheka, kicheko cha puani,
kwa kuwa gunia hili nalijua.
Nalijua tangu Korogwe, mwaka wa njaa:
unga wa yanga, wa manjano, tukiusonga huku tumenuna,
tukisema hiki ni chakula cha kuku wa Marekani,
na sufuria inarudi imelambwa, inang'aa.
Kaka yangu Sefu alishonewa kaptula ya gunia,
mikono miwili imeshikana kwenye kalio la kushoto
(mkono mtupu haulambwi, alisema mama, akikata uzi kwa meno)
na kwenye la kulia maneno ya buluu
ambayo mtaa mzima hakuna aliyeyajua.
Tulidhani ni jina la mfalme.

Leo watoto wa wenye kuku
wanashuka ngazi zangu wamejikunyata.
Wanalala kwenye magari yasiyowaka,
kwenye duka la mashine za kufulia, kwa ajili ya joto,
stendi ya basi mpaka mlinzi abadilishe zamu.
Rosalba huweka mswaki ndani ya soksi.
Tavion, miaka kumi na mitatu,
hufika saa tano na nusu, kila siku saa tano na nusu,
kwani kwanza humfikisha mdogo wake chekechea
kwa miguu, mitaa kumi na tisa,
na hilo hakuna kifungu kinachouliza.

Jumanne akaja Bi Wojtanik, mkaguzi,
buti zake zikiacha vidimbwi sakafuni.
Akahesabu vichwa. Akahesabu sahani.
Sahani zimezidi kwa moja.
"Hii ya nani?"

Nikamwita Tavion, nikamsimamisha mbele ya gunia.
Soma.
Akasoma kama mtu avukaye mto ulioganda,
kila neno akilijaribu kwa kidole cha mguu kwanza:
Dengu. Ratili hamsini. Zao la Montana.
Si ya... kuuzwa.
Si ya kuuzwa wala kubadilishwa.

Nikakaa juu ya ndoo.
Miaka hamsini kaptula ya Sefu imetembea mbele yangu
na leo ndiyo imesema.

"Ratili hamsini, magunia arobaini," nikamuuliza, sauti haijatulia,
"jumla?"
Akatazama dari, mabomba, dari tena.
"Elfu mbili."
Nikamgeukia mkaguzi: "Kusoma, kipindi kimoja.
Hesabu, cha pili."

Hakucheka. Aliifunua kalamu, akaifunika.
Akasema daftari si la mpishi, ni la mwalimu,
na hapo alisema kweli.
Kisha akaenda kukwangua barafu kwenye kioo cha gari lake,
na ule mstari wa Tavion kwenye fomu
aliuacha wazi. Sijui kama ni kusahau.

Tavion akala. Akasema dengu hazina chumvi.
Kweli: kifungu cha kumi na moja, chumvi inapimwa kwa gramu.
Akasukuma sahani mbele, bila neno.

Ya pili nikampakulia.
Hiyo sijaiandika popote.